Nguzo, Mchwa na Dawa: Historia ya Mbao Kati ya Chwele na Kitale

Anayejenga Kabuchai, Kaunti ya Bungoma, hujenga huku mchwa wakimsubiri. Ardhi inayoteremka kutoka Mlima Elgon kupitia Mukuyuni na Chwele hadi Nalondo na Luuya ina rutuba na mvua ya kutosha, na chini yake mchwa hawana idadi. Wabukusu hawajawahi kuwachukia moja kwa moja. Mvua zikishuka na kumbikumbi wakaanza kuruka, kichuguu hufunikwa, mtego huwekwa, na jioni kuna kitoweo ambacho hakikuhitaji pesa. Ila mdudu huyo huyo asipoliwa, yeye ndiye anayekula: mguu wa ghala, fremu ya mlango, kenchi ya nyumba iliyojengwa kwa mkopo wa chama.

Wazee wa zamani hawakuwa na dawa ya kopo. Walichokuwa nacho ni ujuzi wa mti, na nguzo haikukatwa kwenye mti wowote tu uliokuwa karibu. Waluhya waliupenda sana mti wa lusiola, ambao Wajaluo huuita siala, kwa sababu unanyooka, ukikatwa kisiki kinachipua tena, na mchwa hawaukimbilii. Juu zaidi mlimani, upande wa Wasabaot, kulikuwa na mtarakwa, mti wenye kiini chekundu na harufu inayobaki kwenye mbao miaka na miaka. Harufu hiyo ni ya mafuta ambayo mti hujiwekea wenyewe kadiri unavyozeeka, nayo huwachukiza wadudu na kuvu. Yako kwenye kiini tu. Ile sehemu nyeupe ya nje, iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai, haina kinga yoyote, hata kwenye mtarakwa. Kwa hiyo mti mzee ulikuwa bora kuliko mti mchanga, na aliyejua kuchagua alikuwa ameshamaliza nusu ya kazi kabla ya kuinua shoka.

Nusu iliyobaki ilifanywa na moto. Mwisho wa nguzo utakaoingia ardhini uliunguzwa juu juu mpaka ukawa mweusi, na jivu likamwagwa shimoni kabla ya kushindilia udongo. Halafu nyumba yenyewe iliishi na moto ndani. Moshi wa jiko ulipanda polepole kwenye paa la nyasi, ukakausha fito na kamba, ukaacha masizi yanayong'aa ambayo mdudu hana hamu nayo. Sidhani mtu yeyote aliwasha moto kwa sababu ya paa. Alitaka kupika na kuota. Lakini paa lilifaidika, na tutaona baadaye kilichotokea moshi ulipohamishwa. Tena nyumba haikutarajiwa kudumu miaka hamsini. Ilichakaa, ikajengwa upya, na anayetaka kuona ilivyokuwa anaweza kutembelea makumbusho ya Kitale, ambako boma la Kibukusu limejengwa uwanjani pamoja na ya jirani zao. Makumbusho hayo yalianza kama mkusanyo binafsi wa Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya wadudu kwa wingi, na baada ya kifo chake mwaka 1966 yakawa mali ya taifa. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 1974. Mtu aliyehifadhi wadudu ndani ya masanduku katika nchi ya mchwa hakukosa kazi.

Huko pwani watu walikuwa wamefika mbali zaidi. Mafundi wa majahazi wa Lamu na Zanzibar walipaka mbao za juu kwa sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu ya chini inayozama majini wakaipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili kumzuia mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Hayo hayakufika Elgon. Kilichofika kutoka pwani ni reli, na reli ilileta namna nyingine ya kumkwepa mchwa. Wahandisi waliojenga njia ya Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901 walitandika mataruma ya chuma sehemu kubwa ya njia, kwa kuwa walijua taruma la mti lingeliwa na kuoza. Chuma kililetwa kwa meli kutoka mbali, kikapitishwa katikati ya misitu.

Mwaka uliofuata, 1902, wamishonari watatu wa Kanisa la Friends, Edgar Hole, Willis Hotchkiss na Arthur Chilson, walifika Kaimosi, ambayo leo iko Kaunti ya Vihiga. Misheni yao iliitwa ya viwanda, na hilo halikuwa pambo. Waliamini Mwafrika afundishwe Biblia na kazi ya mikono pamoja, wakaweka mashine ya kupasua mbao. Baadaye wakafungua kituo Lugulu, huku Bungoma. Mafundi wa kwanza wa Kiluhya waliojua randa, patasi na ulimi wa kuunganisha mbao walitoka katika mikono hiyo, na ukitazama makanisa ya zamani ya upande huu utaona kazi yao kwenye mabenchi na milango. Pamoja na randa walipokea jambo jipya: mbao bapa. Mbao iliyopasuliwa kwa msumeno ni kitu tofauti na nguzo ya mviringo. Imefunuliwa kiini na weupe wake kwa pamoja, na upande mmoja wa ubao huweza kuishi miaka arobaini huku wa pili ukigeuka unga.

Mambo yalibadilika kwa kasi katikati ya miaka ya 1920. Njia kuu ya reli ilipita Eldoret kuelekea Uganda kupitia nchi ya Bungoma, na tawi lake likafika Kitale mwaka 1926. Trans Nzoia ilikuwa imegawiwa walowezi, wengi wao askari waliopewa mashamba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nao walitaka nyumba, maghala, zizi na maili nyingi za ua. Msitu wa Elgon ulikuwa juu yao tu. Viwanda vya kupasua mbao vikaota, vingi vikiendeshwa na Kalasinga waliokuja na ufundi wao kutoka Punjab, na kila mti ukapewa kazi yake. Mtarakwa ulipasuliwa nguzo za ua na vigae vya paa. Mti mgumu wa loliondo, ambao wazungu waliuita tiki ya Elgon ingawa ni jamii ya mzeituni, ulikwenda kwenye sakafu. Podo ikawa dari, rafu, fremu na kila kitu kilichobaki.

Podo ndiyo iliyowafundisha watu hapa kwamba mbao nzuri si lazima iwe mbao inayodumu. Ni nyeupe kama siagi, haina harufu, inarandwa bila kukwaruza. Lakini ikilazwa mbichi siku chache tu, kuvu huingia na kuitia madoa ya buluu, na ikigusana na udongo haina maisha. Mtarakwa ulibeba dawa yake ndani. Podo ilihitaji kupewa. Jambo jema ni kwamba inapokea. Vinyweleo vyake viko wazi, na ukiichovya dawa inakunywa hadi ndani.

Wakati huo huo Idara ya Misitu ilikuwa imeanza kupanda miti ya kigeni, kwa sababu miti ya asili ilikuwa ikikatwa haraka kuliko inavyoota, na mtarakwa au loliondo hauna haraka. Saipresi na misonobari hukua kwa miongo michache tu. Ilipandwa kwa mpango wa shamba: mkulima alipewa kipande cha msitu uliofyekwa, akalima mahindi na viazi katikati ya miche, na miche ilipomzidi kimo akahamishwa. Ulikuwa mpango wa ujanja, na mwenye faida kubwa alikuwa serikali. Lakini miti hiyo mipya ilikuwa na maadui wake. Aina moja ya saipresi, makrokapa, ilishikwa na ugonjwa wa donda la gome, ikaachwa na nafasi yake ikachukuliwa na saipresi ya Meksiko, ndiyo hii ya lusitanika tunayoiona kila mahali. Kulikuwa pia na mende wa kienyeji aliyezoea miti ya asili, akagundua saipresi, akatoboa mashimo marefu ndani ya mti uliosimama. Misonobari ya radiata iliangamizwa na ugonjwa wa majani mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikabaki patula. Mwaka 1990 wadudu mafuta wa saipresi waliingia Kenya, wakafyonza mashamba mazima hadi yakawa kahawia.

Saipresi ina ugumu mwingine unaojulikana na kila aliyewahi kuitia dawa: kiini chake hakinywi. Tabia hiyo inaonekana wazi zaidi kwa mti wa sprusi, ambao ndio mbao ya kila siku ya ujenzi Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Mti wa namna hii ukiwa hai, maji hupita kutoka chembe moja hadi nyingine kwa vitundu vyenye vifuniko vidogo. Mbao ikikauka, vifuniko huvutwa vikaziba vitundu, na havifunguki tena. Ndiyo maana sprusi ikipakwa dawa kwa brashi, dawa hubaki juu kabisa, na hata ikiingizwa kwa mashine ya mgandamizo haifiki mbali. Watu wa huko hulazimika kuichanja kwanza kwa magurudumu yenye meno, au kutegemea rangi na paa pana kuizuia isilowe. Saipresi ya Elgon imerithi sehemu ya ukaidi huo. Weupe wake hunywa kiasi, kiini hugoma. Kwa bahati kiini chenyewe si dhaifu sana, mradi mti umepewa muda wa kukitengeneza.

Mashine ya mgandamizo ina historia ndefu kuliko reli yetu. Mwaka 1838, nchini Uingereza, John Bethell alipata hati miliki ya kuingiza mafuta mazito ya lami ya makaa ya mawe, yaani kreosoti, ndani ya mbao iliyofungiwa kwenye tangi la chuma. Hewa hunyonywa kwanza, dawa ikajaa, kisha ikasukumwa kwa nguvu inayofika mara kumi au zaidi ya mgandamizo wa hewa tunayopumua. Nguzo nyeusi za simu zilizonuka juani ziliandaliwa hivyo. Dawa ya pili haikutoka Ulaya. Mwaka 1933 Sonti Kamesam, mwanasayansi wa Kihindi katika taasisi ya utafiti wa misitu ya Dehra Dun, alichanganya chumvi za shaba, kromi na aseniki. Shaba huua kuvu, aseniki humuua mdudu, na kromi huzifunga zote mbili kwenye nyuzi za mti ili mvua isizioshe. Mbao hutoka na rangi ya kijani kibichi. Kila nguzo ya kijani unayoiona leo kando ya barabara ya Kanduyi kwenda Chwele ni mjukuu wa kazi hiyo ya India.

Uhuru ulipokaribia, mpango wa kuwagawia Waafrika mashamba ya walowezi uliwaleta maelfu ya Wabukusu Tongaren, Ndalu na Naitiri. Wengi walikuta ua wa nguzo za mtarakwa zilizochimbiwa na mwenye shamba aliyetangulia, bado nzima, na wakazihamisha kama urithi. Walikuta pia mabati. Huu ndio wakati moshi uliondoka. Nyumba ya mabati ilijengewa jiko kando, dari ikawekwa, na kenchi ya saipresi ikabaki gizani juu ya dari, kavu lakini bila masizi, mahali ambapo bungua hufanya kazi bila kusumbuliwa. Mwenye nyumba huona tu unga mwembamba wa manjano ukidondoka juu ya kabati. Akiufagia leo, kesho upo tena.

Kwa mchwa, jawabu la miaka hiyo lilikuwa sumu. Aldrini na dieldrini zilimwagwa kwenye misingi na mashimo ya nguzo, na kwa kweli mchwa walikoma, pengine kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba sumu hizo hazikomei kwenye nguzo. Hubaki udongoni, huingia kwenye mafuta ya samaki, ya maziwa, ya mtu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliziweka miongoni mwa kemikali za kuondolewa duniani. Mafundi wazee bado huzitaja kwa masikitiko, kama mtu anayemkumbuka mfanyakazi hodari aliyefukuzwa kwa wizi.

Kisha kikaja kiwanda cha karatasi cha Pan Paper mjini Webuye, kilichoanza kazi mwaka 1974 kwa ubia wa serikali ya Kenya, kundi la Birla la India na shirika la fedha la Benki ya Dunia. Ili kukilisha, misonobari ya patula ilipandwa kwa maelfu ya hekta upande wa Turbo. Kwa miaka thelathini na mitano harufu ya kiwanda ilikuwa saa ya Webuye, na misonobari ambayo ingekuwa mbao ilisagwa kuwa daftari. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ilipiga marufuku kukata miti ya asili, na hapo loliondo na mtarakwa vikatoka sokoni, angalau kwa mlango wa mbele. Mwaka 1999 ikazuia ukataji hata kwenye mashamba ya serikali, lakini ikayaacha makampuni machache makubwa, Pan Paper likiwemo. Wapasuaji wadogo wakafunga. Pan Paper yenyewe ilisimama mwaka 2009, ikauzwa mwaka 2016. Marufuku nyingine ilitangazwa Februari 2018, ya siku 90, ikaongezwa tena na tena hadi Rais Ruto alipoiondoa Julai 2023.

Kwa maoni yangu, marufuku hizo zilibadilisha kazi ya fundi kuliko zilivyobadilisha msitu. Mahitaji ya mbao hayakupungua hata siku moja. Mbao ikatoka shambani: saipresi ya ukingoni mwa boma, grevilea ya kwenye kahawa, mkaratusi wa bondeni, iliyokatwa kabla ya wakati kwa sababu karo ya shule haingoji. Mti wa miaka kumi una weupe mwingi na kiini kidogo. Hupasuliwa kwa msumeno wa injini asubuhi na kuuzwa mchana ukitoa maji. Babu alichagua mti ili asihitaji dawa. Mjukuu wake hununua mbao ambayo bila dawa haina siku.

Na dawa anayoipata ni oili chafu. Ukifika kwenye karakana za Chwele siku ya soko utaona mtungi wa plastiki uliokatwa juu, ndani yake oili nyeusi iliyotolewa kwenye injini ya matatu au trekta, imezimuliwa kwa dizeli kidogo ili ipite. Fundi huchovya tambara, hupaka mguu wa kitanda, mgongo wa kabati, mwisho wa nguzo ya lango. Mteja husimama kando.

“Fundi, hii mbao imekauka kweli?”

“Imekauka, mama. Ni ya wiki jana.”

Wiki moja haikaushi ubao wa 2 kwa 4 katika nchi yenye mvua kama hii. Kuvu huhitaji mbao yenye unyevu unaozidi asilimia 20 hivi, na ubao wa wiki jana una zaidi ya hapo kwa mbali. Ukiupaka oili, umeyafungia maji ndani. Oili yenyewe humzuia mchwa kwa muda, kwa kuwa hapendi kuilamba, lakini haizami, haishiki, huzitia nguo za watoto madoa meusi, na rangi ikipakwa juu yake hubambuka. Pia imebeba vumbi la metali la injini na masizi ya mafuta yaliyoungua. Fundi anajua mengi ya hayo. Lakini lita moja ya oili hupatikana gereji kwa bei ya chai, na mteja hataki kulipia dawa asiyoiona.

Mlango ndio kipimo cha kazi yake. Chukua mlango wa saipresi unaotazama magharibi, mahali ambapo jua la alasiri, karibu na ikweta, hupiga moja kwa moja. Umepakwa vanishi safi inayoonyesha mistari ya mbao, na siku ya kukabidhiwa nyumba kila mtu huusifu. Lakini vanishi isiyo na rangi hupitisha mwanga. Miale huharibu ile gundi ya asili inayoshika nyuzi chini ya vanishi, na vanishi ikakosa cha kushikilia, ikapasuka na kujikunja. Mvua huingia kwenye nyufa, isipate pa kutokea. Ndani ya misimu michache sehemu ya chini imekuwa ya kijivu. Yenye rangi kidogo, hata ya kahawia nyepesi, hudumu zaidi kwa sababu chembe za rangi huzuia mwanga. Halafu geuza mlango huo uutazame chini: mara nyingi ukingo unaokaribia sakafu haujapakwa chochote, kwa kuwa mlango ulipakwa baada ya kutundikwa. Hapo ndipo nyuzi zimekatwa na kubaki wazi, na maji hupanda humo kila mara mama anapopiga deki. Fundi wa zamani wa misheni angeupaka ukingo huo kwanza, mlango ukiwa bado mezani.

Nje ya karakana hizo, mkaratusi ulipata bahati yake kwa umeme. Mamlaka ya umeme vijijini iliundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na mwaka 2015 ukaja mradi wa kufikisha nyaya hadi mlangoni mwa kila kaya. Nguzo zilihitajika kwa malaki, na wakulima wa Bungoma na Trans Nzoia wakapanda mikaratusi hadi kwenye vyanzo vya maji, jambo ambalo halikupaswa. Mkaratusi hukatwa, huambuliwa gome, hukaushwa kwa miezi, kisha huingizwa kwenye tangi. Kinachokunywa dawa ni pete ya nje ya weupe. Kiini hubaki kama kilivyokuwa. Nguzo nzima inalindwa na pete hiyo, na mkulima aliyeharakisha ukaushaji aliuza nguzo iliyopakwa kijani nje tu. Nguzo kama hizo zimeanguka barabarani kabla ya miaka kumi, ilhali iliyotibiwa sawasawa inatarajiwa kuvuka miaka ishirini.

Ndipo kampuni ya umeme, Kenya Power, mwishoni mwa miaka ya 2010, ilipoanza kugeukia nguzo za zege, na wakulima waliokuwa na ekari za mikaratusi iliyokomaa wakalalamika kwamba soko limewaponyoka. Nguzo za mbao zinazong'olewa huonekana baadaye kwenye malango na vibanda vya ng'ombe. Marekani iliacha kutumia dawa ya aseniki kwenye mbao za nyumbani mwishoni mwa 2003, na huku kwetu bado ndiyo iliyomo kwenye nguzo hizo za kijani. Fundi mwangalifu akiletewa moja, haukati mwisho utakaoingia ardhini, kwa sababu akiukata amekifunua kiini ambacho dawa haikufika. Hupunguza upande wa juu, huufunika kwa kipande cha bati ili mvua isisimame, na kile kipande kilichobaki hakiachi pale mtu anaweza kukichukua kuwa kuni, maana aseniki haiteketei: nyingine hutoka na moshi na nyingine hubaki jivuni.